Mapipa Sita na Jiko la Mama Mkwe

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba mwaka 1975 kijiji cha Kwembuzi, kilichoko mlimani ukishaipita Mlola, kilipata mbegu ambazo hakuna fukusi, panya wala ndege aliyethubutu kuzigusa. Mafanikio hayo yalitokana na Mpango wa Kuzihami Mbegu, na mwasisi wa Mpango huo ni mimi mwenyewe, Rubeni Shemzigwa, Bwana Shamba Msaidizi Daraja la Tatu. Kwamba mbegu hizo hazikuota ni jambo la pembeni, nami nitalieleza litakapofika.

Mambo yalianza na mashine ya kusaga. Ilikuwa imekaa miezi minne bila mafuta, na akina mama walikuwa wamerudia vinu. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Ndugu Selemani, akaniagiza niandike barua wilayani kuomba mafuta. Niliandika barua nzuri. Ilikuwa na kurasa mbili, ikagusia ukombozi wa mnyonge na wajibu wa mashine katika ujenzi wa taifa, ila nilisahau kutaja ni mafuta gani tunayoyataka. Baada ya wiki sita lori likapanda na mapipa sita ya mafuta ghafi, yale yanayotoka ardhini kabla hayajapita kiwandani kusafishwa. Yalikuwa meusi na mazito, na harufu yake ilifika mpaka kanisani. Hati ya kupokelea ilisema "mafuta, mapipa sita". Niliyahesabu, nikakuta sita kweli, nikatia sahihi.

"Bwana Shamba," dereva Issa akaniuliza huku akijipangusa mikono, "haya mtayafanyia nini?"

"Yamo kwenye mpango," nikamjibu. Hayakuwamo kwenye mpango wowote.

Tulimimina kidogo kwenye mashine. Ilikohoa mara mbili ikanyamaza, na haijasema neno tangu siku hiyo.

"Tuyarudishe," nikamwambia Ndugu Selemani.

"Kurudisha ni kukiri kwamba tuliomba vibaya. Barua aliandika nani?"

"Mimi."

"Basi yatafutie kazi."

Nilikaa siku tatu nikiyatafutia kazi. Siku ya nne, nikiwa jikoni kwangu nasubiri chai, nikainua macho. Huku kwetu mahindi ya mbegu hayakai guniani. Mama wa nyumba huchagua yale yenye punje kubwa, huyafunga mafungu kwa maganda yake yenyewe, kisha huyatundika darini juu ya mafiga. Moshi huyapiga miezi na miezi mpaka yanakuwa meusi tii, na fukusi hayasogelei. Mimi nimezaliwa chini ya mahindi ya namna hiyo, na masizi yake yamenidondokea utosini utoto wangu wote. Lakini mimi pia nilikuwa nimehudhuria kozi ya miezi sita, nina cheti, na cheti hakimruhusu mtu kuangalia dari bila kufikiri. Nikajiuliza: kinachoilinda mbegu ni kitu gani hasa? Ni weusi. Na ndani ya mapipa kuna nini? Kuna weusi, tena wa kutosheleza tarafa nzima.

Ndugu Selemani alinisikiliza hadi mwisho, akanipa mkono.

"Moshi unachukua mwaka," akasema. "Wewe utatumia muda gani?"

"Asubuhi moja."

"Hayo ndiyo maendeleo."

Tangazo likasomwa siku ya gulio. Kila kaya ilete mbegu zake zote ghalani zikahamiwe. Atakayebaki na mbegu darini, au atakayepanda mbegu isiyohamiwa, atanyang'anywa jembe. Na kwa kuwa serikali haimwachi mtu wake, niliandaa fomu ya kumsaidia mwananchi atakayejikuta hana mbegu msimu ukifika. Iliitwa Fomu K.M. 4, Maombi ya Mbegu kwa Mtu Aliyekosa Mbegu kwa Uzembe Wake. Ilijazwa nakala tatu kwa karatasi ya kaboni. Sehemu ya tano ilisema: "Eleza uzembe wako kwa maneno yako mwenyewe." Niliona fahari juu ya sehemu ya tano. Kila nyumba nikaiachia fomu moja.

Wa kwanza kuleta mbegu nilikuwa mimi. Mke wangu, Yunis, alinijazia gunia bila kubishana, jambo ambalo lilipaswa kunitia wasiwasi. Baada yangu alikuja Hadija, mjane mwenye watoto wanne, anayelima bondeni jirani na mto. Alileta mafungu yake yote saba, akayaweka chini moja moja.

"Hutaki kubakiza hata moja?" nikamuuliza, kwa mzaha tu.

"Tangazo limesema zote," akajibu.

Nikaandika jina lake kwenye orodha ya wananchi wa mfano.

Baada ya hapo nikafanya Operesheni Dari Tupu, yaani ukaguzi wa majiko yote ya kijiji. Niliingia majiko sitini na mawili kwa siku tano. Nilipanda vigoda, nikamulika dari kwa tochi, nikaumwa na nyigu mara mbili. La sitini na tatu lilikuwa la Mama Marta, na Mama Marta ndiye aliyemzaa Yunis.

Sheria za nchi nilizisomea, lakini hakuna sheria iliyonifundisha namna ya kuingia jikoni kwa mama mkwe. Kwetu mkwe haingii humo. Husimama uani, hukohoa, huitikiwa, husema shida yake akitazama pembeni, huondoka. Kumkuta mama mkwe amechuchumaa mbele ya mafiga ni aibu ambayo mtu huhamia nayo Handeni. Nilisimama uani, nikakohoa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Baba Secilia. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Nimekuja kikazi."

"Kazi gani?"

"Kukagua jiko."

Ndani nilisikia kuni zikisogezwa.

"Jiko langu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi karibu uingie."

Alijua kwamba siwezi, na nilijua kwamba anajua. Nikaukazia macho mgomba uliokuwa jirani.

"Mama, huko darini kuna mbegu?"

"Huku darini kuna masizi."

Nikafungua daftari nikaandika: "Jiko Na. 63. Limekaguliwa. Masizi." Nilijisikia vizuri kwa kuwa hakuna neno hapo lililokuwa uongo, ukiondoa "limekaguliwa".

Mbegu zikahamiwa Jumatatu moja ya Februari, kwenye kiwanja cha mbele ya ghala, palipokuwa na shamba la mfano. Tulimwaga mahindi na maharage kwenye turubai, tukayamiminia mafuta, tukayageuza kwa miti kama watu wanaosonga ugali. Mafuta yaliyofurika yalitiririkia shambani. Ndani ya wiki moja majani yote ya pale yaligeuka manjano, kisha kahawia, kisha hayakuwepo tena. Niliripoti wilayani kuwa tumepata palizi isiyotumia jembe. Kuku walizisogelea mbegu, wakanusa, wakarudi nyuma. Niliripoti pia kuku.

Masika ikaanza vizuri. Kijiji kizima kikapanda kwa siku mbili, mimi nikisimamia na filimbi. Huku mlimani kuna baridi, hindi huchukua siku nane au kumi kuchomoza. Siku ya kumi hakuna kilichochomoza. Siku ya kumi na mbili tukaunda Kamati Ndogo ya Uotaji, mimi nikiwa katibu. Kamati ilikaa saa nne, ikaazimia kuziongezea mbegu muda wa siku saba kwa masharti.

Siku ya kumi na tisa tukaenda kufukua. Jambo la kwanza tulilogundua ni kwamba mvua ilikuwa haiingii ardhini pale palipodondokewa na mafuta mengi. Matone yalikaa juu ya udongo yakiwa mviringo, yakatelemka, yakaenda zake. Jambo la pili ni kwamba tulipozifikia mbegu tulizikuta vilevile tulivyozizika. Chache tu zilikuwa zimetoa kijimzizi chenye urefu wa kucha, nacho kilikuwa kimeoza nchani. Nyungunyungu hatukumwona hata mmoja. Taarifa yangu ilisema: "Kwa upande wa kinga, Mpango umefaulu asilimia mia moja."

Hadija hakuwa na habari za asilimia. Alikuja ofisini asubuhi akiwa na punje tatu kiganjani.

"Bwana Shamba, hii imelala au imekufa?"

"Inajiandaa," nikamwambia.

Alirudi kesho yake, na keshokutwa, na kila mara punje ni zilezile tatu. Hakupandisha sauti. Siku ya nne akaniambia kwamba zikipita wiki mbili zaidi za mvua, atakachopanda hakitakomaa kabla ya baridi, na kwamba watoto wake wameanza kula mlo mmoja ili akiba ivute.

"Nijaze ile fomu?" akauliza. "Ila pale panapouliza uzembe wangu sijui niandike nini."

Niliona aibu. Nimeandika taarifa nyingi maishani lakini sikujua aibu ile niiweke sehemu gani. Kaya ishirini na nane zilikuwa kama ya Hadija, zimeleta zote kwa sababu niliwaambia walete zote. Nilimwambia anipe siku chache, nikafunga mlango wa ofisi, nikakaa.

Siku chache hizo hizo ndizo alizochagua Ndugu Paskali, Ofisa Mipango kutoka wilayani, kuja kujionea. Alifika kwa Landrover akiwa na kofia na taarifa zangu zote kwenye jalada moja. Tukampeleka shamba la mfano. Bango letu lilikuwa limesimama pale, limepakwa rangi vizuri, na chini yake hapakuwa na unyasi.

"Naona pamesafishwa," akasema Ndugu Paskali.

"Pamehamiwa," nikasema.

Aligeuka, akatazama ng'ambo ya bonde. Upande ule, chini ya kanisa, kulikuwa na kipande cha shamba cha kijani kibichi, mahindi yamepita vifundo vya miguu, yamejipanga kwa mistari. Sikuwahi kukiona, au tuseme nilikiona na nikaamua kuwa ni magimbi.

"Aa, kumbe," akasema. "Ule ndio Mpango?"

"Ule ndio," akasema Ndugu Selemani kabla sijafungua mdomo.

"Twende nikampongeze huyo mwananchi."

Tukashuka na kupanda. Kadiri tulivyosogea ndivyo nilivyozidi kuitambua njia. Tukatokea uani kwa Mama Marta. Yeye alikuwa mlangoni pa jiko lake, ananyambua maharage. Nikasimama nyuma ya mgomba.

"Shikamoo mama," akasema Ndugu Paskali. "Tumekuja kukupongeza kwa mbegu zako zilizohamiwa."

"Marahaba. Zangu hazijapakwa kitu, mwanangu. Zimepigwa moshi tu."

"Zilikuwa wapi?"

"Darini."

Ndugu Paskali akafungua jalada, akapekua, akasoma kwa sauti: "Jiko namba sitini na tatu. Limekaguliwa. Masizi." Akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. "Ndugu Rubeni, uliingia?"

"Sikuingia, mzee."

"Kwa nini?"

"Ni mama mkwe wangu."

Kofia aliivua, akaitazama ndani, akaivaa tena. Najua alikuwa anatafuta adhabu inayostahili, na najua kwamba yeye mwenyewe ameoa.

"Hata mimi wa kwangu nisingeingia," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Lakini huyu si mkwe wangu. Mama, unaniruhusu?"

"Karibuni," akasema Mama Marta.

Wakaingia Ndugu Paskali na Ndugu Selemani. Mimi nikabaki uani na mgomba, nikisikiliza. Nikasikia kigoda kikiburutwa. Kisha Ndugu Paskali akasema, "Lo." Baadaye niliambiwa kwamba dari ilikuwa imepinda kwa uzito. Mafungu yalikuwa yamebanana kutoka ukuta hadi ukuta, kila fungu na kitambaa chake cha kulitambulisha.

"Hizi zote zako?" sauti ya Ndugu Paskali ikauliza.

"Mimi nitazilima wapi? Ni za akina mama wa kijiji. Waliuliza ni jiko gani ambalo Bwana Shamba hataingia. Wakaleta huku. Ghalani wakapeleka mahindi ya kula."

"Hiki kitambaa nakijua," ikasema sauti ya Ndugu Selemani. "Hii ni khanga ya mke wangu."

"Ni ya mkeo Tatu, ndiyo."

"Na hiki cha kijani?"

"Cha binti yangu, Yunis."

Nikaushika mgomba. Tangu Januari nilikuwa nikila ugali wa mwanamke huyo kila jioni, nikimsimulia maendeleo ya Operesheni, naye akiniongezea mboga.

"Sasa kwa nini hawajapanda?" akauliza Ndugu Paskali.

"Wanaogopa kunyang'anywa majembe. Wanasubiri amri ichoke. Mimi ni mzee, nikasema jembe langu waje walichukue." Nikasikia maharage yakimwagwa kwenye chungu. "Mbegu inavuta maji na hewa, mwanangu. Ninyi mmeiziba pua na mdomo, kisha mnaiundia kamati kujua kwa nini haisemi."

Amri ilifutwa palepale jikoni, chini ya khanga ya Tatu, na Ndugu Selemani akasema ilikuwa nia yake tangu mwanzo kuifuta. Walipotoka nje, akakohoa.

"Mama Marta, kuna shamba la ujamaa nalo halina mbegu. Na wale waliotoa zote."

"Wale waliotoa zote tumeshawatengea. Hadija fungu lake liko pale la kwanza. Tulikuwa tunangoja tu mlegee." Akajipangusa mikono. "Hao hawajazi chochote. Ila shamba la ujamaa ni lenu wakubwa. Mkitaka mbegu, mjaze fomu."

"Fomu gani?" akauliza Ndugu Paskali.

Mama Marta akaingia, akatoka na Fomu K.M. 4 pamoja na miwani yake ya kusomea Biblia. Fomu haikuwa na kunyanzi hata moja.

"Hii alituletea Baba Secilia. Nzuri sana. Ila iko moja, na hapa imeandikwa nakala tatu."

Kaboni nilikuwa nayo mimi, mfukoni. Sijawahi kuichukia kaboni kama siku ile. Ndugu Paskali alikaa juu ya kinu kilicholazwa, akaweka jalada magotini, akaandika kwa niaba yetu sote. Ilibidi naye aandike kwa moyo, kwa kuwa hapo ndipo alipokiri kwamba mwezi Februari aliletewa madebe mawili ya mbegu zetu zilizohamiwa akazipanda kwake Vuga. Alipofika sehemu ya tano akasita, akaandika, akampa Mama Marta. Naye akasoma polepole kwa kidole.

"'Hali ya hewa.' Mvua imenyesha, mwanangu. Andika tena."

Akaandika tena.

"'Sababu zisizozuilika.' Baba Secilia, njoo umsaidie. Wewe ndiye uliyetunga swali."

Nikasogea mpaka pale adabu iliponiruhusu, nikamtajia maneno, naye akaandika: Tulipokea mafuta tusiyoyajua, tukaona haya kuyarudisha, tukazipaka mbegu za watu. Tukatia sahihi watatu, kwa vyeo.

"Hapo sawa," akasema Mama Marta. Akatupa mafungu kumi na mawili, akabaki na nakala zote tatu.

Mahindi ya Hadija yalichomoza siku ya tisa. Nilienda kuyatazama alfajiri kabla ya kazi, nikamkuta ameshafika, ameinama anayahesabu. Nilikaa pale hadi jua likapanda, na nilifurahi kuliko siku niliyopewa cheti. Walichelewa kidogo kuvuna, lakini walivuna. Shamba la mfano mpaka leo halioti kitu. Watoto wanachezea mpira pale, wanasema hakuna kiwanja kingine kisichohitaji kufyekwa.

Ndugu Paskali alipanda cheo, yuko ofisi kubwa sasa. Mwezi uliopita aliniletea barua ya siri. Anasema zile fomu ni nyaraka za serikali, hazifai kukaa mikononi mwa raia, na kwa kuwa mimi ni mtu wa nyumbani nizichukue kimyakimya nimpelekee. Nilimwomba Yunis akanichukulie. Akasema mkaguzi ni mimi.

Basi nimekwenda. Nimesimama uani, nikakohoa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Baba Secilia."

"Mama, zile fomu zetu bado zipo?"

"Zipo. Nimezitundika darini pamoja na mahindi. Hazijaguswa na mdudu." Kuni zikasogezwa. "Unazitaka? Karibu uingie."

Nimekaa nikiutazama mgomba kwa muda wa kutosha. Kisha nimefungua daftari na kumwandikia Ndugu Paskali jibu, nalo ni hili: Jiko Na. 63. Limekaguliwa. Masizi.